Mti usiochorwa kwenye ramani ndio wa kwanza kukatwa: tujadili miti ya mijini na mipango ya ardhi

#1 Mpima (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe nimekaa nalo kifuani miaka mingi.

Kazi yangu ni upimaji. Mimi ndiye ninayefika eneo la kazi kabla ya mchoraji, mhandisi na mkandarasi. Napima mipaka na miinuko, naweka alama za nguzo za umeme, mashimo ya maji taka na kona za majengo. Kwa muda mrefu miti sikuiweka. Hadidu za rejea hazikuitaja, na mteja halipii asichokiomba. Basi ramani ilitoka mikononi mwangu ikiwa nyeupe pale penye mti wa miaka 70, mchoraji akaona weupe, akachora maegesho ya magari. Yule mchoraji simlaumu. Nilimpa kiwanja kitupu, naye akakijaza.

Siku wananchi wanapousikia msumeno na kuanza kupiga picha, mambo yameshapita zamani. Kibali kimesainiwa, mkandarasi amechukua malipo ya awali, na kuusogeza ukuta kwa mita tatu ni kuvunja mkataba. Ndiyo maana nasema mti wa mjini hupona au hufa kwenye karatasi.

Hata ukichorwa bado. Nitoe mfano nilioushuhudia. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na pembeni palikuwa na mkuyu wa kipenyo cha sentimita 90, watu wawili ndio wanalizunguka shina kwa kushikana mikono. Safari hiyo niliuchora, na kwenye kibali likawekwa sharti kwamba mti ubaki. Mkandarasi alilitimiza sharti kwa namna alivyolielewa: alilizungushia shina mbao, akazifunga kwa waya. Kisha akachimba mtaro wa bomba la maji mita mbili tu kutoka kwenye shina. Nilisimama ukingoni mwa mtaro ule asubuhi moja. Mizizi ilikuwa imetokeza kwenye kuta zake, mingine minene kama mkono wangu, imechanika nyuzinyuzi, ndani myeupe, inachuruzika maji. Upande wa pili wa mti paliwekwa rundo la kokoto na malori yakawa yanageuzia hapo, udongo ukashindiliwa hadi sururu ikawa inadunda.

Mwaka ule majani hayakubadilika. Mwaka uliofuata matawi ya juu yalibaki matupu. Mwaka wa tatu mkuyu ulikuwa umekauka, ukakatwa, na kwenye jalada sababu ikaandikwa: mti mkavu, hatari kwa wapita njia. Mtaro haukutajwa popote. Waliochimba walishaondoka na kipindi cha matazamio kilishakwisha.

Wengi tunadhani mizizi huzama chini sana. Sehemu kubwa iko kwenye sentimita 60 za juu, kwenye hewa na maji, na husambaa kuvuka ncha za matawi. Waingereza wana kiwango cha kazi za ujenzi karibu na miti, BS 5837, chenye hesabu nyepesi: kipenyo cha shina zidisha mara 12, unapata umbali wa kulinda pande zote kuanzia kwenye shina. Kwa mkuyu ule ni mita 10.8. Mtaro ulipita mita mbili, na zile mbao zililinda gome tu.

Nataka hesabu ya namna hiyo iwe ndani ya sheria ndogo na mipango ya maeneo, ili mkaguzi awe na cha kupima kwa futi yake. Karibuni, hasa mlio kwenye mipango miji, ujenzi na maji.

#2 Mjenzi wa Kwake

Mkuu, kwa miti ya barabarani nakuunga mkono. Lakini mti ulio ndani ya kiwanja nilichokinunua kwa jasho langu, kwa nini niombe ruhusa kuukata? Tawi likishukia paa langu, halmashauri haitakuja na mabati. Naona hapa kuna hatari ya kumfanya mwenye ardhi kuwa mlinzi asiyelipwa.

#3 Mpima

Swali la haki kabisa, na kuna majiji yameshalijibu kwa vitendo. Toronto hudai kibali kwa mti wa kiwanja binafsi ukifika kipenyo cha sentimita 30. Berlin hupima mzingo: kwa aina nyingi za miti ni kuanzia sentimita 80, kamba ikizungushwa kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini. Singapore imetenga maeneo maalumu ambamo mti wenye mzingo unaozidi mita 1 haukatwi bila idhini. Na bado watu wanajenga Toronto, wanajenga Singapore. Mti uliooza au unaotishia nyumba hupata idhini.

Kinachoipa jamii haki ya kuuliza ni kwamba faida ya mti haikai ndani ya ukuta wako. Mvua kubwa ikipiga, maji ambayo mti wako ungeyashika kwenye majani na kuyanywesha udongo yanakwenda kwa jirani wa chini. Leo hii huwezi kuuziba mfereji wa maji ya mvua unaopita kiwanjani kwako ukasema ni ardhi yako.

Ila udhaifu upo, na nitausema. Ukiweka kipimo, wengine watakata mti ukiwa mwembamba ili usifike hapo. Sheria ya adhabu peke yake inazaa woga wa kuwa na miti. Ndiyo maana napenda iambatane na nafuu: anayebakiza mti mkubwa aruhusiwe kusogeza jengo karibu na mpaka wa pili, au apunguziwe idadi ya maegesho anayodaiwa. Na maombi yajibiwe haraka, tena ofisi itoe ushauri bila malipo. Kibali kikikaa mezani miezi sita, mti utakatwa Jumamosi usiku.

#4 Mstaafu wa Mipango

Nimekaa mipango miji zaidi ya miaka 30, niruhusuni niseme ya ndani.

Mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa jiji zima, ukiandika kwamba jiji "litahimiza upandaji wa miti", msipige makofi. Neno hilo halina meno. Mimi nikiwa afisa, nikimkatalia mwekezaji kwa msingi wa kuhimiza, ananishinda kwenye rufaa kabla ya saa nne asubuhi. Sentensi yenye nguvu huanza hivi: "Kibali hakitatolewa isipokuwa…" Kisha yafuate mambo yanayohesabika.

Halafu kuna suala la ngazi. Mpango kabambe huweka lengo la jiji zima. Melbourne mwaka 2012 ilikuta matawi yanafunika asilimia 22 ya ardhi ya umma, ikaweka lengo la asilimia 40 ifikapo 2040. Lengo la hivyo ni zuri, lakini vita yenyewe iko ngazi ya chini yake, kwenye ramani ya kina ya mtaa, pale unapogawa upana wa barabara. Ukishatoa nafasi ya magari, ya watembea kwa miguu, bomba la maji huku, la maji taka kule, nguzo na mfereji, halafu ukaambiwa "na miti iwepo", utaipanda wapi? Tukifika kwenye kibali cha jengo moja moja tunakuwa tunagombania makombo. Ukanda wa miti uchorwe siku ile ile unapochorwa mfereji, ukiwa na upana wake umeandikwa.

Kwa miti iliyopo, chombo ninachokionea wivu ni amri ya kuhifadhi mti iliyomo kwenye sheria ya mipango ya Uingereza ya 1990. Halmashauri hutaja kwenye ramani mti mmoja, kundi, au msitu mzima. Anayeukata bila idhini hushtakiwa, na huwajibika kupanda mwingine mahali pale pale. Uzuri wake mkubwa ni kwamba amri huweza kuanza kazi siku ileile, ikadumu kwa muda huku pingamizi zikisikilizwa. Kwenye mji ambako uamuzi huchukua miezi na msumeno huchukua dakika 20, hilo ndilo linaloamua.

Na nikiri jambo linaloniuma. Nimesaini vibali vingi vyenye sharti la kupanda miti, na vingi kati ya hivyo sikuwahi kurudi kuvikagua. Gari la ofisi lilikuwa moja, majalada hayahesabiki. Dawa yake ni dhamana: mwekezaji aweke fedha, arudishiwe baada ya miaka mitatu miti ikiwa hai. Hapo yeye mwenyewe atakupigia simu uje kukagua.

#5 Fundi Maji

Naomba niongee kwa niaba ya wanaofukua. Nikifungua chemba ya maji taka mara nyingi nakuta mizizi imejaa ndani ya bomba, nywelenywele tupu, unavuta inatoka kipande kirefu kama kamba ya katani. Mwenye nyumba ananiuliza nani alipanda mti ule, nami sina jibu. Ninyi mnaochora miti kando ya barabara, bomba mnaliona kwenye ramani zenu?

#6 Mtunza Miti

Fundi, picha uliyoitoa ndiyo yenyewe, ila jiulize mzizi uliingilia wapi. Mzizi hautoboi bomba zima. Unafuata unyevu, unakuta kiungo kinachovuja au ufa, unapenya ukiwa mwembamba kama uzi, ndani unakuta maji na mbolea, unanenepa na kupanua ule ufa. Bomba lilishaanza kuvuja kabla yake.

Kinachosababisha ugomvi wote huu ni kwamba tunaupa mti shimo la mita moja kwa mita moja lililozungukwa na udongo ulioshindiliwa na lami. Mti mkubwa unahitaji udongo wa kutosha, unahesabiwa kwa mita za ujazo, na ukiukosa utautafuta chini ya barabara yako, kwenye mchanga laini wa mtaro wa bomba, na chini ya vitofali vya njia ya miguu. Stockholm walilitatua hili kwa kujaza chini ya njia ya miguu mawe makubwa yaliyoshindiliwa, yabebe uzito wa juu, huku mapengo kati ya mawe yakibaki na udongo na hewa. Juu wanaweka matundu ya kuingiza hewa na maji ya mvua. Mti unakua, njia haiinuki. Lakini kazi hiyo inafanyika barabara ikiwa imefukuliwa. Ukishaweka lami umechelewa, ndipo ninaporudi kwenye hoja ya mwanzisha uzi.

Jambo jingine nisilolisikia likitajwa ni aina za miti. Miji mingi hupanda aina moja barabara nzima kwa sababu ndiyo iliyopo kitaluni na inapendeza ikiwa mistari. Ugonjwa wa miti ya elm ulipopita Ulaya na Marekani karne iliyopita, mitaa mizima ilibaki uwazi. Frank Santamour, mtaalamu wa Marekani, akapendekeza mwaka 1990 kwamba mji usizidishe asilimia 10 ya spishi moja, 20 ya jenasi moja (kundi la spishi za karibu), 30 ya familia moja (kundi la jenasi za karibu). Melbourne wakabana zaidi: 5, 10 na 20. Hii nayo ni kanuni ya mipango, iandikwe, maana kitalu huotesha kile ambacho halmashauri imeahidi kununua miaka kadhaa mbele.

#7 Fundi Maji

Hapo kwenye kiungo nakubali. Yale mabomba ya zamani ya udongo wa kuchoma ndiyo yanayonipa kazi. Ya plastiki yaliyounganishwa vizuri sikumbuki kutoa mzizi ndani yake. Basi wekeni na sheria kwamba mitaro ya maji na nyaya ipite pamoja upande mmoja, tuachiane upande mwingine. Sisi mafundi tutashukuru kuliko ninyi.

#8 Jirani Mwema

Ninachokichoka mimi ni sherehe za upandaji. Kiongozi anakuja, mche unawekwa, picha, makofi, gari linaondoka. Wiki tatu baadaye jua limeumaliza. Mwaka unaofuata wanakuja na mche mwingine kwenye shimo lile lile. Kwenye taarifa inaandikwa miti miwili imepandwa.

#9 Mpima

Ndugu, umegusa mahali penyewe. Tunapohesabu miche iliyotiwa shimoni tunapata miche iliyotiwa shimoni. Mche wa mjini unahitaji kumwagiliwa na kutunzwa takribani miaka mitatu ya kwanza, na bajeti nyingi humalizikia siku ya kwanza.

Freetown, Sierra Leone, wamejaribu njia inayonivutia. Baada ya maporomoko ya udongo ya tarehe 14 Agosti 2017 yaliyoua watu zaidi ya 1,000, jiji chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr lilianzisha mwaka 2020 kampeni ya kupanda miti milioni moja. Kila mche hupewa utambulisho wake kwenye simu, na wakazi wanaoutunza hurudi kuupiga picha na kulipwa kwa kazi hiyo. Malipo yanafuata uhai wa mti. Hilo ndilo wazo la dhamana alilolitoa mzee wetu hapo juu, ila linamfikia mkazi mwenyewe.

Tena jamani, miche mingapi inalingana na mti mmoja mkubwa? Kivuli kinatokana na eneo la majani. Ukikata mti wenye matawi ya upana wa mita 15 ukapanda miche mitatu, mtaa umepoteza kivuli kwa miongo, hata kama hesabu ya taarifa inaonyesha umepata faida ya miti miwili. Fidia ipimwe kwa ukubwa wa kilichokatwa.

#10 Mama wa Ghorofa ya Tatu

Niseme la upande wetu. Mtaani kwangu hakuna mti hata mmoja kuanzia kituo cha basi hadi zahanati. Natembea na mtoto mgongoni saa saba mchana, lami inapumua moto usoni. Kule kwenye nyumba za wenye nafasi, barabara nzima ni kivuli, na watu wa kule wanapita kwenye magari. Mnapoongelea kulinda miti iliyopo, mnalinda ya kule. Sisi tusio na ya kulinda mnatuweka wapi?

#11 Mstaafu wa Mipango

Dada yangu, umesema kitu ambacho mipango mingi hukikwepa. Wastani wa jiji hudanganya: asilimia 25 ya jiji inaweza kuwa 45 huku na 3 kwako.

Kuna kanuni ya Profesa Cecil Konijnendijk ya mwaka 2021, inaitwa 3-30-300. Kila nyumba ione angalau miti 3, kila mtaa ufunikwe na matawi kwa asilimia 30, na kila mkazi awe ndani ya mita 300 kutoka kwenye bustani au eneo la kijani. Naipenda kwa sababu inapimwa dirishani kwako. Mipango ikitumia kipimo hicho, fedha zinaanzia mtaani kwako kwa lazima, kwa kuwa ndiko upungufu uliko. Medellín, Colombia, walianza mwaka 2016 kujenga njia 30 za kijani kando ya barabara na mifereji yenye joto kali, wakawafundisha wakazi kazi ya kuzitunza, na jiji lenyewe linasema joto kwenye njia hizo limeshuka kwa nyuzi 2 hivi.

#12 Msoma Mikataba

Mmesahau mikataba, na humo ndimo miti huishia kimyakimya. Sheffield, Uingereza, ilitoa kazi ya kutengeneza barabara zake kwa mkandarasi binafsi kwa miaka 25. Ndani ya mkataba kulikuwa na idadi ya miti ya kung'oa na kubadilisha, 17,500. Wakazi walikuja kujua baadaye. Ikafika mahali wazee wanakamatwa na polisi wakiwa wamesimama chini ya miti ya mtaani kwao. Miti zaidi ya 5,000 ilishakatwa kazi iliposimamishwa mwaka 2018, na uchunguzi huru uliotolewa mwaka 2023 uliikosoa vikali halmashauri. Sheria ya mazingira ya England ya 2021 sasa inalazimisha halmashauri kuwauliza wakazi kabla ya kukata mti wa barabarani.

Upande wa pili, Nairobi mwaka 2020, mugumo (mti wa jamii ya mkuyu) mkubwa wa barabara ya Waiyaki Way ulikuwa ung'olewe kupisha barabara ya juu. Watu walipaza sauti, ikatoka amri ya kuuhifadhi, na barabara ikajengwa mti ukiwa umesimama. Ni jiji lile lile ambalo Wangari Maathai alipigania Uhuru Park mwaka 1989 na akapigwa akitetea msitu wa Karura mwaka 1999. Nawaheshimu wote hao. Lakini mtu asilazimike kumwaga damu ili mti ubaki, wakati mstari mmoja kwenye ramani ungetosha.

#13 Mkazi Mpya

Wakuu, nimesoma uzi wote. Rasimu ya mpango wa eneo letu imebandikwa ofisi ya kata, maoni yanapokelewa wiki mbili. Kuna barabara mpya inapita jirani na mti mkubwa ambao watoto wote wa mtaa hukaa chini yake. Niandike nini? Sina taaluma yoyote.

#14 Mpima

Angalia kwanza kama mti huo umo kwenye ramani ya rasimu. Kama haumo, hilo ndilo la kwanza kuandika: mahali ulipo, na ombi kwamba uingizwe. Usiandike kwamba mti ni mzuri au una historia peke yake. Afisa atakubali kwa moyo na hatakuwa na cha kufanya.

Andika kipimo. Chukua kamba, izungushe kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, upime urefu wake. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo, zidisha kwa 12. Omba ndani ya umbali huo kusiwe na mtaro, kifusi, wala njia ya malori, na uzio usimame kabla ya mashine kuingia, uondolewe kazi ikiisha. Kama bomba ni lazima lipite, lichimbwe kwa mikono au lipitishwe chini kwa kuchoronga. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo.

Kama diwani wako anapatikana, mpeleke mpaka chini ya mti, asimame kivulini.

#15 Mkazi Mpya

Nimepima jioni hii na majirani wawili. Mzingo ni mita 2.2. Kipenyo kinakuja sentimita 70, duara la kulinda linafika mita 8.4 kutoka kwenye shina. Rasimu inaonyesha mtaro wa maji ya mvua mita 3 kutoka kwenye shina, na mti wenyewe haupo kwenye ramani. Tumepigilia vigingi vinne kuonyesha duara linapoishia, watoto wakavifungia kamba. Barua inakwenda kesho asubuhi, tumesaini watu 31.